Mpira wa Marekani Mbili

Niligawanya Marekani vipande viwili kwa sababu niliona haya kusema sijui. Wako watu waliogawa nchi kwa sababu ndogo kuliko hiyo, lakini wao walikuwa na majeshi. Mimi nilikuwa na gazeti la juzi na kikombe cha kahawa.

Ilikuwa wakati wa vita vile vikubwa vya dunia, nami nilikuwa karani kijana wa forodha ya Kilindini. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikuja Mji wa Kale, nikakaa kwenye baraza ya fundi mmoja wa makubadhi, hatua chache kutoka Makadara, nikawasomea wazee gazeti. Sikufanya hivyo kwa wema. Fundi yule alikuwa na binti, na dirisha la binti lilikuwa juu ya baraza ile ile. Tangu awekwe ndani, kama wawekwavyo wasichana wetu wakibaleghe, sikupata kumwona, ila nilijua yupo, maana kila nilipokosea neno pazia lilitikisika. Kwa hiyo nilisoma kwa sauti ya kupendeza, na kila herufi niliipa haki yake, hata pale habari yenyewe ilipokuwa bei ya mahindi.

Msikilizaji wangu mwingine mkuu alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyenilea tangu wazee wangu walipofariki. Alikuwa mpishi wa haluwa. Sukari ilipoanza kutolewa kwa mgao, sufuria yake kubwa ya shaba ilifunikwa, akabaki hana kazi ila kukaa barazani na kukosoa watu. Yeye na fundi walikuwa marafiki tangu wakiwa watoto wa chuo cha Kurani. Walikwisha kusikizana kwa nusu maneno, kama wazee wanavyosikizana, kwamba mfungo wa Ramadhani ukiisha mjomba ataleta posa. Kwetu kijana hajiposei. Huposewa, na wa kuniposea mimi nilikuwa naye mmoja tu.

Basi siku moja gazeti lilikuwa jembamba sana. Nililimaliza kabla kahawa haijapoa. Fundi akatoa sindano kwenye ngozi akaniuliza, "Maalim," (aliniita maalim, nami sikumkataza) "hawa Wamarekani si walipigana wao kwa wao zamani? Wa Kaskazini na wa Kusini? Ikawaje mwisho wake?"

Swali lilikuwa la haki kabisa. Vita hivyo nilivisoma shuleni, sura baada ya sura, na nilikuwa nikijua majina ya mito yake. Lakini ilipofika sura ya mwisho, homa ilinilaza wiki mbili. Niliporudi darasani mwalimu alikuwa keshahamia kwa wafalme wa Uingereza, na kwa wafalme wale hakuna arudiye nyuma. Nikatazama juu. Pazia lilikuwa limetulia, linangoja. Neno "sijui" lilinifika kooni, nikalishushia kahawa.

"Waligawana," nikasema. "Mpaka sasa ni nchi mbili."

Hakuna aliyeshangaa. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini hata mimi niliona limekaa sawa. Mji wetu haujapata kuweza kukaa na kitu kimoja. Ngoma ikianza moja, mwaka wa pili ni mbili, kila moja ina bendi yake, na sare zake, na nyimbo za kuwachamba wa upande wa pili, na ng'ombe wa kuchinja ili wenzao wanuke mchuzi na wasile. Watu waliopigana kisha wakagawana, hilo linajulikana. Ningewaambia kwamba walipigana kisha wakawa kitu kimoja, wangeniomba ushahidi.

"Na mpira je?" akauliza mjomba. "Wateza pamoya?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikayaoga.

Nikawaambia kwamba walipogawana, jambo gumu kuliko yote lilikuwa mpira. Ardhi ilipimwa, watumwa waliachwa huru huku na huku (hapo nilikuwa mkarimu), lakini kila upande ulidai kwamba mpira ni wake. Mwisho kila upande ukashika wake na sheria zake. Kaskazini, nchi ya viwanda, mpira hutengenezwa kwa mashine, na mchezo huanza na kuisha kwa king'ora cha kiwanda. Mchezaji akichoka hutolewa akaingizwa mwingine, namna wanavyobadilisha skrubu. Kusini wao hawana haraka. Mpira wao hushonwa kwa mkono. Wanacheza jua likishapoa, wanapumzika katikati wakala, na bao halihesabiwi mpaka nahodha wa waliofungwa akiri kwa kinywa chake kwamba limeingia. Mara nyingine hukiri siku ya pili.

"Hao ndio watu," akasema fundi aliposikia habari ya kushonwa kwa mkono. Tangu dakika ile akawa mtu wa Kusini.

Nikamwona mjomba amenyong'onyea, nikamhurumia. Nikaongeza kwamba Kaskazini, kabla ya mchezo, serikali huwapa wachezaji sahani ya kitu kitamu, na sukari yake haimo katika mgao. Mjomba akavuta pumzi. "Serikali hiyo," akasema, "ina akili."

Tangu hapo gazeti likawa kitambaa cha kufunikia uongo. Nililishika mbele ya uso wangu nikasoma yasiyomo. Niliwapa mto mkubwa unaopita mpakani, na katikati ya mto kisiwa, maana sikuweza kufikiri mambo ya maana yakitendeka pasipo kisiwa. Mara moja kwa mwaka pande mbili hukutana hapo. Walibishana miaka kumi juu ya mpira wa kutumia, wakapatana nusu ya kwanza wautumie wa mashine na nusu ya pili wa mkono. Mpira ukiangukia ng'ambo ya mto unakuwa mali ya ng'ambo. Kila upande una daftari lake la matokeo. La Kaskazini laonyesha Kaskazini hawajapata kushindwa, na la Kusini laonyesha vivyo hivyo kwa Kusini, na kila mwaka wote wawili hurudi makwao na matarumbeta. Walijaribu pia mashindano ya kuogelea kuvuka mto, lakini mshindi alipofika ukingo wa pili alikamatwa kwa kukosa kipande, kile cheti cha kazi cha serikali. Wazee walicheka sana kwa hilo. Mchukuzi mmoja wa bandarini, mtu wa Rabai, aliyekuwa akipita na kipande chake mfukoni, alisimama akasikiliza, naye hakucheka.

Mtaa mzima ukagawanyika. Mwuza kahawa aliweka vikombe vya rangi mbili, na ole wako umpe mtu wa Kusini kikombe chekundu. Wanawake, ambao hawakualikwa barazani, walitunga nyimbo kabla ya wanaume kumaliza kubishana. Ulaya miji ilikuwa ikianguka kweli, na siku moja moja dhamiri ilinisuta nikasoma iliyoanguka. Fundi alinisikiza kwa adabu. "Haya, umeanguka," akasema. "Tupe mpira."

Nami, nitasema kweli, nilifurahi. Kazini nilikuwa karani wa kuandika makasha yaliyoshuka melini. Barazani nilikuwa na nchi mbili, na juu yangu pazia lisilotikisika hata kidogo.

Kilichoniponza ni mshambuliaji. Alhamisi moja nilikuwa nimeishiwa, nikamtunga kijana hodari ambaye baba yake ni wa Kusini na mama yake wa Kaskazini. Baba kafa, na kijana kalelewa kwa wajomba. Achezee upande gani? Niliona nimewaletea kitendawili kizuri cha kuwafikisha magharibi.

"Hapana suala hapo," akasema fundi. "Mwana ni wa babake. Kusini."

"Aliyemlisha nani?" akauliza mjomba. "Aliyemtahiri nani? Mwana ni wa wajomba. Kaskazini."

"Ndugu yangu, kulisha hata paka hulishwa. Mwana aliyelelewa ujombani hana kwao."

Maneno hayo yalisemwa juu ya mtu asiyekuwapo duniani. Lakini mjomba alinitazama mimi, kisha akamtazama fundi, kisha akaweka kikombe chake chekundu chini, polepole, mpaka nikasikia kinavyogusa jiwe. Fundi naye alijua alichokisema. Alifungua kinywa kukirudisha, na pengine angekirudisha, ila watu wa Kusini walikuwa wamekwisha kupiga makofi. Mjomba akasimama. "Masalkheri," akasema, salamu kavu ya kumpa mtu usiyemjua, akaenda zake kukaa kwenye kizingiti cha duka lake, upande wa pili wa njia.

Alikaa hapo miezi mitatu. Ramadhani ikaingia, ikaisha. Siku ya Idi fundi alipeleka sahani ya vyakula, ikarudi na kitambaa chake hakijafunguliwa. Posa haikwenda. Nilimwendea mjomba nikamwambia jambo ni la mpira tu, akaniuliza, "Una kwenu wewe, au huna?" Nikasema ninako. "Basi mwenye kwao haombewi mke kwenye mlango aliotukaniwa." Na huku habari zilikwisha fika kwamba kuna mfanyabiashara wa Lamu amemwulizia binti kwa ajili ya mwanawe. Kijana huyo, nilisikia, hajui kusoma gazeti, na kwa hivyo hakuwa amemgombanisha mtu na mtu.

Nilijaribu kutengeneza kwa kile kile nilichoharibia. Nikatangaza kwamba mchezo mkubwa wa kisiwani umekwisha, na pande zote zimetoka sare, wakakumbatiana. Nilisoma kwa sauti kubwa ili ivuke njia. Fundi aliguna. Kutoka ng'ambo mjomba akajibu akiwa amenipa kisogo, "Hiyo ni habari ya uwongo." Yote niliyowapa waliyaamini, mto na kisiwa na sukari, na hilo moja tu la amani ndilo walilolikataa. Nilitamani kulia, na si kwa mfano wa maneno. Nilikwenda nyuma ya msikiti nikalia.

Ndipo akaja mpishi wa meli.

Nilifika barazani alasiri kama desturi, nikamkuta mtu mweusi mrefu, wa makamo, amekaa kwenye kiti cha fundi na miguu yake mikubwa juu ya gazeti langu la jana. Alikuwa mpishi katika meli ya mizigo ya Kimarekani iliyotia nanga Kilindini, na viatu vya melini vilikuwa vimemtesa. Fundi alikuwa amekwisha kuuchora wayo mmoja kwenye ngozi kabla hajatambua ametembelewa na nani. Alipotambua, alisimama katikati ya njia, yeye aliyekuwa hasemi na mjomba miezi mitatu, akapiga ukelele kumwita.

"Ndoo huku! Shahidi amekuya! Asije akasikizwa na upande mmoya!"

Mjomba alikuja. Kesi ni kesi. Alikaa mbali kidogo, na watu wakajaa, wa vikombe vyekundu na wa vikombe vyeupe.

"Muulize ni wa wapi," fundi akaniambia. Nikamwuliza kwa Kiingereza. Alikuwa wa Kusini. Fundi akajipiga paja.

"Sasa muulize, mwaka huu nani alishinda?"

Nikatazama juu. Kiingereza pale nilikijua mimi peke yangu, au ndivyo nilivyodhani. Ningeweza kumwuliza mgeni saa ngapi meli inaondoka, na lolote atakalojibu nikaligeuza kuwa Kusini wamepata mabao matatu na mshambuliaji amerudi kwa babake. Fundi angefurahi. Au Kaskazini, mjomba akafurahi. Kumfurahisha mmoja kulikuwa kumpoteza mwingine, na binti alikuwa kwa mmoja na posa kwa mwingine. Lakini sitajifanya kwamba ni hesabu hiyo iliyoniamulia. Nilikuwa nimechoka tu. Uongo ni mzigo usioshushwa melini ukaandikwa ukaisha, wabaki kichwani pako.

Nikamwambia yule mpishi kweli. Nikamwambia kwamba wazee hawa wanaamini nchi yake ni mbili, na aliyewaaminisha ni mimi, na wanataka kujua mshindi wa mpira.

Alicheka mpaka kiti kikalia. Kisha akaacha kucheka, akajifuta uso kwa kiganja.

"Nchi ni moja," akasema. "Na mpira huo wa miguu kwetu si mkubwa. Wetu ni ule mdogo, wa kupigwa kwa gongo. Lakini kama ni timu, hukukosea sana. Zipo mbili mbili. Weupe wana zao na mashindano yao. Sisi tuna zetu na mashindano yetu. Pengine uwanja ni ule ule, siku mbalimbali."

"Na mkikutana?"

"Pale panapohesabiwa, hatukutani."

"Sasa nani hodari?"

"Hilo," akasema, "kwetu kila mtu angependa kulijua."

Nikawageukia wazee. Nilianza na langu: kwamba nchi ni moja, na kisiwa hakipo, na mto upo ila haugawi mtu, na kwamba nilidanganya tangu siku ya kwanza kwa kuona haya. Kisha nikawatafsiria maneno ya mgeni, neno kwa neno, bila kutia chumvi.

"Rudia hapo pa mwisho," akasema fundi. "Weupe mbali, weusi mbali?"

"Ndiyo."

"Hawatezi pamoya?"

"Hawachezi."

"Basi hiyo si habari," akasema. "Hiyo tunayo hapa." Na kwa sindano yake akaelekeza upande wa Kizingo, ambako Wazungu walikuwa na uwanja wa nyasi uliomwagiwa maji kwa bomba hata mwaka wa kiangazi. Wahindi walikuwa na wao, Wagoa na wao, na sisi tulikuwa na kiwanja chetu cha vumbi, milingoti yake mawe mawili mawili. Hakuna aliyebisha. Mimi niliyekaa miezi nikitunga mpaka na mto na daftari mbili za matokeo, kila Ijumaa nilipita kando ya ua ule wa Kizingo, na sikupata hata siku moja kufikiri kwamba ni jambo la kusomea watu barazani.

Fundi alikuwa na swali moja limebaki. "Muulize, huo wao wa gongo, mpira wake washonwa kwa mashine au kwa mkono?"

Mpishi akasema kwa mkono, ngozi nyeupe na uzi mwekundu.

"Nilijua!" akasema fundi.

Halafu wakanigeukia. Fundi akaniita mwongo. Mjomba, kutoka pale alipokaa mbali, akasema mwongo hatoshi, niitwe mzushi. Fundi akasema njia ya mwongo ni fupi. Mjomba akasema hii ilikuwa ya miezi minane, na alisogea karibu kidogo ili alieleze vizuri. Fundi akakumbusha habari ya mwogeleaji. Mjomba akakumbusha sahani ya sukari, kwa uchungu. Walishirikiana kunila nyama mpaka adhana ya magharibi, na wakati wa kuinuka niliona mjomba amekalia jamvi lake la zamani, kikombe cheupe mkononi, wala hakujua ni cheupe.

Posa ilikwenda wiki iliyofuata. Haikuwa desturi anayeposewa mke awepo mwenyewe, lakini fundi aliagiza nami niletwe. Nilikaa karibu na mlango nikatazama miguu ya watu. Baada ya fatiha na maneno ya heshima, fundi akakohoa.

"Nna suala moya kwa kijana," akasema. "Hawa weusi na weupe wa kule kwao. Wakikutana kweli, pahali pa kuhesabiwa, mshindi ni nani?"

Chumba kizima kikaningoja. Majibu yalinijia, Mungu anisamehe, na yalikuwa mazuri.

"Sijui, baba," nikasema.

Fundi akamwinamia mjomba. "Yuwasema nini?"

"Yuwasema hajui."

"Huyu?" Akanitazama kwa muda. "Basi barazani hatufai tena. Naaowe."

Wakati wa fungate, mke wangu alinionyesha kitabu. Alikuwa amesoma miaka minne katika shule ya wasichana kabla hajawekwa ndani, na kitabu kilikuwa kile kile nilichosomea mimi. Alikuwa akijua tangu siku ya kwanza kwamba Marekani ni moja. Niliona uso unaniwaka. Nikamwuliza kwa nini aliwaacha wazee wawili wakosane, na posa ikwame, na mtu wa Lamu anusenuse mlangoni, na yeye sura ya mwisho anayo chini ya mto wake.

"Nilitaka kusikia mpira," akasema. "Mimi nilikuwa wa Kaskazini. Baba asijue."

Akaniambia pia kwamba maneno yote ya mpishi wa meli aliyaelewa pale dirishani kwa Kiingereza chake, kabla sijayafasiri. "Lau ungeyageuza," akasema, "ningekubali Lamu." Alilisema bila kuinua sauti, huku akitafuta ukurasa. Nilikuwa nimedhani nilikuwa nikichagua baina ya fundi na mjomba.

Alipoupata ukurasa akanipa nisome. Ndiyo ile sura niliyoikosa kwa homa. Haikuwa hata kurasa mbili. Ilisema kwamba vita viliisha, watumwa wakaachwa huru, na nchi ikaungana ikawa moja. Kisha ukurasa mweupe, kisha wafalme wa Uingereza.

"Yale aliyoyasema mpishi hayamo," mke wangu akasema. "Nimesoma mara tatu. Nimetafuta mpaka kwenye jalada."

Nikakichukua kitabu nikatafuta na mimi.